Msafara Uliopanda Mlima

Kwenye malango ya Mlima Kilimanjaro kuna mizani. Asubuhi, kabla safari haijaanza, wapagazi hupanga foleni na mizigo yao: mahema, mitungi ya gesi, masufuria, viti vya kukunja, magunia ya viazi, mifuko ya wageni. Mzigo wa mtu mmoja haupaswi kuzidi kilo 20, ukiacha vitu vyake mwenyewe. Namba inasomwa, mzigo uliozidi unapunguzwa, mtu anajitwisha na kuingia msituni. Mgeni aliyeiota safari hii mwaka mzima, aliyenunua viatu na kuvizoeza miezi sita, huiona mizani kama urasimu mwingine wa Kiafrika unaomchelewesha. Kumbe hapo langoni hakuna kitu cha kale kuishinda. Kabla ya hifadhi, kabla ya vibanda vya kulala, kabla mlima haujaingizwa katika ramani za Ulaya, mizigo ilikuwa ikipimwa Bagamoyo, Pangani na Mombasa kwa frasila, na wastani wa mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kama kilo 32. Uzito umeshuka, na njia imegeuka kutoka tambarare kwenda juu. Kazi yenyewe, na namna ya kuigawa, ni ile ile.

Basi hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba safari ya kupanda Kilimanjaro, ambayo kila mwisho wa mwaka hujitokeza katika orodha za safari za ndoto za mwaka unaofuata, si mchezo wa milima ya Alps uliohamishiwa Afrika. Ni msafara wa bara wa karne ya 19, ule wa pembe na nguo na shanga, ambao reli iliufukuza tambarare ukasalimika mlimani. Wazo hili huwa linafichwa na neno lenyewe. Kwetu safari ni safari: ya Tanga kwa basi, ya hija, ya kwenda kuposa. Wageni walilisikia katika midomo ya watu wa misafara, wakaenda nalo makwao, likapata huko maana ya mahema, simba na machweo, kisha likaturudia kama bidhaa yenye bei ya dola. Katika kuzunguka huko, wale waliokuwa safari yenyewe, watu wenye mizigo vichwani na mabegani, wakaondolewa katika maana. Wakabaki kwenye picha tu, nyuma.

Tuanze na jinsi msafara ulivyokuwa ukienda. Richard Burton, aliyetoka pwani mwaka 1857 pamoja na John Speke kulifuata Ziwa Tanganyika, hakuwapenda sana watu waliomfikisha, lakini alikuwa na jicho la karani, na alichokiona alikiandika. Mbele alitembea kirangozi, amevaa nguo nyekundu, kichwani ana manyoya na ngozi za wanyama, mkononi bendera. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyefanya hivyo alichomolewa mshale kutoka katika podo lake, ukawekwa kama ushahidi, na kambini akatozwa faini. Nyuma yake walifuata wapagazi kwa mpangilio wa mizigo, na wanyapara waliohesabu watu na vitu. Posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu kwa siku, au nguo ya kununulia nafaka hiyo njiani. Walikula kwa makundi, kila kundi na chungu chake. Waliimba wakitembea, na walipokaribia kijiji waliimba zaidi, kwa kuwa msafara unaoingia kimya ulionekana ni msafara ulioshindwa. Wanyamwezi, waliokuwa mabingwa wa kazi hii, waliifanya kwa majira: walishuka pwani wakati wa kiangazi, wakijitahidi warudi kwao kabla ya mvua za kulimia. Wake zao wengine walifuatana nao, wakibeba vyombo na kupika, na wako waliobeba mizigo ya biashara. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye desturi na heshima ya kazi yao. Nadhani msomaji yeyote wa maandiko ya Kiswahili ya zama zile, kuanzia maisha ya mfanyabiashara Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe hadi zile safari zilizokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, angelifika hapo bila kusukumwa.

Sasa tuupeleke msafara huo Kilimanjaro. Mwishoni mwa Aprili 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akiwa na wapagazi wachache na kiongozi aliyeitwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona weupe juu ya mlima, na akaandika kwamba ni theluji. London hawakuamini. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliendelea kwa miaka mingi kubisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Katika ubishi ule wote, jambo moja dogo kwenye maandishi ya Rebmann halipewi uzito unaostahili. Alipomuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, kwa maana Mombasa haina haja nalo. Alijibu kwamba ni baridi. Jibu hilo ni la mtu anayeijua njia. Alikwisha kufika Uchaga kabla ya Rebmann, alijua bei ya chakula chake, alijua ni mangi yupi, yaani mtawala yupi wa Kichaga, anadai hongo ya kupita na kiasi gani. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba mgeni wa kwanza wa Ulaya kukiona kilele cha Kibo alikuwa na mwongoza watalii mwenye uzoefu.

Waliofuata walifuata njia hiyo hiyo. Baron Karl Klaus von der Decken alifika mwaka 1861, akarudi 1862 na Otto Kersten wakapanda hadi zaidi ya mita 4,000. Charles New, mmisionari wa Mombasa, aligusa theluji mwaka 1871. Mwaka 1887 Count Samuel Teleki wa Hungaria alifika karibu mita 5,300, akiwa na msafara wa mamia ya watu ambao miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani. Kimemeta hakuja kupanda mlima. Alikuwa na biashara yake, na Teleki alikuwa abiria ndani ya utaratibu ambao ungeendelea bila yeye.

Lakini ushahidi ulio bora kuliko wote ni wa Hans Meyer, kwa sababu alijaribu mara tatu na kila mara jambo tofauti lilimfundisha. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu ya Kibo akashindwa, hakuwa na zana za kuipanda. Mwaka 1888 alirudi na Oscar Baumann pamoja na msafara mkubwa, na wakati huo pwani ilikuwa imechafuka kwa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wapagazi wakamtoroka Usambara, yeye na Baumann wakakamatwa, wakafungwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mlima hakuuona. Mwaka 1889 alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg na mmoja wa wapandaji hodari wa Alps, akaja pia na mpango mpya wa chakula. Makao makuu yalikuwa Marangu kwa Mangi Marealle. Kambi nyingine iliwekwa juu ya msitu, na kambi ya tatu kwenye uwanda ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula na kuni kutoka chini. Kambi ya juu ilibaki na watu watatu tu: Meyer, Purtscheller na Muini Amani wa Pangani, ambaye alipika, alichota maji na kulinda hema wakati hao wawili wakikata ngazi katika barafu. Oktoba 3 walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka mno, wakashuka. Waliweza kushuka kwa kuwa palikuwa na kambi ya kushukia, na ndani yake chakula na moto. Oktoba 6 wakafika kileleni. Meyer akakiita kwa jina la Kaisari Wilhelm.

Hapa linakuja pingamizi ambalo lina nguvu, na sitalipita pembeni. Mtu atasema: kubeba chakula ni kubeba chakula, kupanda mlima kwa ajili ya kupanda tu, bila pembe wala biashara wala vita, ni wazo la Ulaya, na ile sururu ya barafu ya Purtscheller ndiyo iliyokosekana mwaka 1887. Sehemu ya pili ya pingamizi hili naikubali kabisa. Barafu ya Kibo wakati ule ilishuka chini sana kuliko leo, na bila ustadi wa Alps isingepandika kwa njia ile. Ila ukiutazama mwaka 1888, utaona kwamba ustadi wa barafu bila msafara haumfikishi mtu hata chini ya mlima. Saa za kukata ngazi zilikuwa chache. Siku za kulishwa zilikuwa nyingi. Na sasa, ambapo zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imeyeyuka, njia za kawaida hazihitaji sururu wala kamba. Kile ambacho Alps zilichangia kimekwisha kuyeyuka, na kilichobaki ni mzigo, posho, kambi na mwendo.

Sehemu ya kwanza, kwamba udadisi wa kilele ni wa Ulaya, haina msingi mzuri kama inavyodhaniwa. Rebmann mwenyewe alisimuliwa Uchagani kwamba mtawala wa Machame wa zamani aliwahi kutuma watu kwenda kuchunguza ule weupe, kwa kudhani huenda ni fedha. Wengi hawakurudi. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Kisa hicho kinaweza kuwa kimeongezwa chumvi, maana kilipita midomo mingi, lakini mantiki yake ni ya kawaida kabisa: mtawala anaona kitu king'aacho juu ya nchi yake, anatuma msafara. Alitarajia faida? Ndiyo, na Meyer naye alitarajia sifa, kitabu na jina la mfalme wake juu ya mwamba. Sioni tofauti kubwa kiasi cha kumpa mmoja heshima ya udadisi na mwingine kumnyima.

Kilichoubadilisha msafara kuwa utalii ni chuma. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilifika Ziwa Nyanza mwaka 1901. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora, moyo wa nchi ya wapagazi, mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mzigo wa mamia ya watu, bila posho wala hongo. Kazi ya upagazi haikufa siku ile, ilihamia mahali ambapo reli haiendi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliingia nyika za Kenya kuwinda akiwa na wapagazi zaidi ya 200, huku safari za namna hiyo zikiandaliwa na kampuni za Nairobi zilizochukua muundo wa msafara mzima mzima: mnyapara, mpishi, askari, mahema, mizigo iliyopimwa. Pembe za ndovu sasa zilikuwa za kutundika ukutani. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na upagazi ukawa wa kulazimishwa. Makumi ya maelfu ya wabeba mizigo wa majeshi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililogeuzwa na ndimi zetu, likabaki sokoni Kariakoo. Anayenunua nyanya pale leo anataja bila kujua jina la jeshi la watu waliobeba.

Baada ya vita, motokaa zikamaliza kile ambacho reli haikukifikia. Mawindo yakapata malori. Mahali pekee palipobaki ambapo hakuna gurudumu linaloweza kuchukua nafasi ya bega palikuwa mlimani. Vibanda viwili vya kwanza vya njia ya Marangu vilikuwa vimekwisha kujengwa na Wajerumani kabla ya vita, vikaitwa Bismarck na Peters. Kile cha Kibo kikaongezwa mwaka 1932. Ukingo wa kreta ukapewa majina ya wageni: Gillman, mhandisi wa reli (ndiyo, wa reli), aliyefika pale mwaka 1921, na Stella, mke wa mpandaji aliyefika mwaka 1925. Katika miaka hiyo watu wa Marangu wakawa waongozaji na wapagazi wa kudumu wa mlima wao, kazi ikirithiwa kwa ukoo.

Na hapo lipo pingamizi la pili: msafara wa pwani ulikuwa wa Waswahili, Wanyamwezi na wangwana wa Unguja, mlima umekuwa wa Wachaga. Kama watu si wale wale, urithi uko wapi? Jibu ni kwamba Uchaga haukuwa nje ya msafara hata siku moja. Ulikuwa kituo chake. Misafara iliyotoka Pangani na Mombasa kwenda Umasaini ilipumzika na kununua ndizi, maharage na mbuzi kwenye miteremko ile, na watawala wa Kichaga walishindana kuwakaribisha wafanyabiashara kama ambavyo miji hushindania viwanja vya ndege. Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, aliongea Kiswahili vizuri na aliyajua mahitaji ya msafara kuliko misafara ilivyoyajua yake. Charles New alilipa gharama kubwa kwa kulifahamu hilo kwa kuchelewa: Mandara alimpora karibu kila kitu mwaka 1875, na mmisionari akafa njiani akirudi pwani. Kibanda cha Bismarck sasa kinaitwa Mandara. Kila usiku wageni hulala humo baada ya kulipia, na sidhani kama mwenye jina angeona ajabu. Kile cha Peters kinaitwa Horombo, kwa jina la mtawala wa Keni aliyetiisha karibu upande wote wa mashariki wa mlima kabla Mzungu yeyote hajaingia.

Urithi ulipita pia kwa njia ya kazi yenyewe, na sababu zake zilikuwa za mashambani. Kihamba cha migomba na kahawa hugawanywa kati ya watoto wa kiume, na kila kizazi kinagawana kidogo zaidi. Kahawa ilileta fedha, ikaleta Chama cha Ushirika cha KNCU mwaka 1933, ikaleta shule, lakini haikuongeza ardhi. Kijana aliyekosa kihamba cha kumtosha alikuwa na mlima nyuma ya nyumba. Kama Mnyamwezi aliyepanga safari yake kati ya mavuno na mvua, naye alipanda kwa majira, kiangazi cha Januari na Februari na kile cha Juni hadi Oktoba, akarudi kulima. Wapagazi wa leo wametoka mikoa mingi, tena wamo wanawake, na wenyewe huitana wagumu. Mwongozaji hutangulia, na mgeni anayetaka kumpita huambiwa pole pole. Sababu inayotolewa ni ya kitabibu, na ni ya kweli: mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyepesi. Sidai kwamba kanuni hii ilitoka moja kwa moja kwa kirangozi wa Burton. Nasema tu kwamba watu ambao watangulizi wao katika kazi hii walitoza faini kwa kosa hilo hawakuhitaji daktari awashawishi.

Marangu panasimuliwa habari za Mzee Yohani Kinyala Lauwo, ambaye mwaka 1989, mlima ulipotimiza miaka mia tangu Meyer, alitambuliwa na kuheshimiwa kama kiongozi aliyempeleka Meyer. Umri uliohesabiwa kwake alipofariki, zaidi ya miaka 120, huwafanya wanahistoria wakune vichwa, na Meyer anaandika kwamba kileleni walifika wawili tu. Mimi naona ubishi huu umeshikwa upande usio wake. Watu wanabishana nani alikanyaga mwamba wa juu, yaani wamekubali kipimo cha Meyer kabla ya kuanza kubishana. Kwa kipimo cha msafara, swali ni nani aliiwezesha safari, na hapo orodha ni ndefu, inaanza na Muini Amani na inashuka hadi waliochanja kuni za Marangu. Jina la Kaisari lenyewe halikudumu. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera ya Tanganyika na mwenge juu ya kilele, nacho kikaitwa Uhuru. Hifadhi ya Taifa ikatangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 mlima ukaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO. Leo hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Sheria hiyo imerudisha jambo ambalo Bwana Kheri angelichukulia kuwa la kawaida.

Lakini kama urithi ungekuwa kamili, nisingekuwa na la kuandika zaidi. Jambo moja kubwa limegeuka, nalo ni la fedha. Mpagazi wa Unguja wa miaka ya 1870 alilipwa kama reale tano kwa mwezi, na hakuondoka kabla ya kupewa mshahara wa miezi mitatu au minne mapema. Msafiri Stanley alilalamika, Burton alilalamika, wote walilalamika, maana mtu aliyekwisha kulipwa anaweza kutoroka, na wengi walitoroka. Hasara ya safari ilikaa upande wa mwajiri. Kwa hiyo wapagazi walisikilizwa. Walipoona posho imepunguzwa, walitua mizigo wakaketi, na msafara mzima ukaketi nao. Mlimani mambo yamepinduliwa. Mpagazi hulipwa mwishoni, na sehemu nzito ya pato lake ni bakshishi, ambayo hutolewa siku ya mwisho baada ya nyimbo na makofi, kwa kadiri ya moyo wa mgeni na uaminifu wa mikono inayoipitisha. Hasara ya safari sasa imekaa begani mwake. Mvua ikimrudisha mgeni chini siku ya tatu, mpagazi naye amerudi siku ya tatu. Akilalamikia hema linalovuja, zamu ijayo ataitwa mwingine, kwani langoni daima wapo wanaosubiri.

Wapo watakaosema kwamba ulinganisho huu unaupamba msafara wa zamani. Msafara huo ulipita katika nchi zilizokuwa zikiuza watu, baadhi ya waliobeba walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao waliochukua sehemu ya ujira, ndui na njaa viliwaua njiani bila hesabu, na viboko havikuwa haba. Yote ni kweli, na hakuna mpagazi wa leo atakayetaka kubadilishana nafasi. Kwamba karne ile ilikuwa bora sikusema. Nilichosema ni kwamba hata katika karne ile mbaya, mtu huru aliyekodiwa Bagamoyo alikuwa na silaha moja ambayo mrithi wake hana, yaani arubuni. Na wapo watakaoniambia kwamba siku hizi kuna sheria, kima cha chini cha malipo, mizani, vyama vya wapagazi, na shirika la kuwatetea lililoanza mwaka 2003 ambalo hukagua jinsi kampuni zinavyowalipa na kuwalisha. Hayo nayo ni kweli, na yamesaidia. Mizani ni mfano mzuri: inafanya kazi kwa sababu inapima mzigo kabla ya safari, mbele ya watu. Ukaguzi wa malipo hufanyika baada ya safari, kwa kumuuliza mtu anayehitaji kuitwa tena na kampuni ile ile. Mwenye kampuni atauliza, nikiwalipa kabla, wasipotokea? Swali hilo liliulizwa Unguja kila mwaka kwa miaka hamsini, na bado misafara iliondoka, kwa kuwa wapagazi walikuwa na wadhamini, wanyapara waliowajua kwa majina na ukoo, na sifa ambayo mtu aliihitaji kwa safari inayofuata. Vitu hivyo vyote vipo Marangu na Machame, pengine kuliko vilivyokuwapo Unguja.

Anayepanga safari ya mwaka ujao hupewa mashauri mengi kuhusu njia. Marangu ina vibanda na siku tano au sita, Machame ina mandhari, Lemosho ina siku saba au nane na nafasi nzuri zaidi ya kufika, Rongai hukwepa sehemu ya mvua za kusini. Epuka Aprili na Novemba. Mashauri haya ni mazuri, na hesabu zake ni za kale. Aliyepanga msafara kwenda Tabora naye alihesabu miezi, kaskazi na kusi, mavuno na mito iliyojaa, tena alianza kuhesabu mwaka kabla. Ila yeye alikuwa na safu moja zaidi katika daftari lake, ya kwanza kabisa, iliyojazwa kabla ya nguo na shanga na baruti: majina ya wapagazi, mmoja mmoja, na mbele ya kila jina kiasi alichokwisha kupokea.